Bei Aliyoitaja Dorkas

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorkas alifagia uwanja wa stoo ya baba yake mdogo. Stoo hiyo ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko la Same, na harufu ya tangawizi ilikuwa imeshika hadi kwenye mapazia ya nyumba. Alinyunyiza maji ili vumbi lisiruke, akakusanya udongo mwekundu uliodondoka kwenye magunia, kisha akaoga, akanywa chai na kuvaa sare. Wakati wote huo milima ilikuwa mbele yake. Huko juu ndiko Mamba, kijiji alikokulia, na ndiko tangawizi yote ile ilikotoka.

Wazazi wake walifanya kazi Tanga. Dorkas alilelewa na bibi yake Mamba mpaka alipofika darasa la tano, ndipo baba mdogo Fanueli alipomchukua akae naye mjini asome shule iliyokuwa na walimu wa kutosha. Fanueli alikuwa mnunuzi wa tangawizi. Hakuwa mtu mkali. Alimnunulia Dorkas madaftari bila kuombwa mara mbili, na akirudi safari alimletea machungwa.

Bibi alipiga simu kila wiki. Alianza na habari za shule, akauliza kama Dorkas anakula vizuri, halafu akafika kwenye swali lake.

"Haya, na huko bei ikoje?"

Siku moja Dorkas alimuuliza kwa nini hamuulizi baba mdogo, ambaye ni mwanawe wa kumzaa. Bibi akacheka.

"Fanueli ni mwanangu, lakini ni mnunuzi. Mnunuzi ukimuuliza bei atakutajia anayoipenda yeye. Wewe huna unachonunua wala unachouza. Wewe utaniambia unachokiona."

Dorkas aliipenda kazi hiyo. Akitumwa sokoni alipita kwenye stoo moja baada ya nyingine akisikiliza watu wanavyopatana, na simu ikiita alikuwa na la kusema. Bibi naye aliwaambia majirani. Watu wa kitongoji kile walichimba au walisubiri kwa kufuata maneno ya Dorkas.

Jumapili moja, baada ya ibada, wanunuzi wakubwa wa tangawizi wa mjini walikuja nyumbani kwa Fanueli. Mama mdogo, mke wa Fanueli, alikuwa ameenda kumwona mgonjwa, kwa hiyo Dorkas ndiye aliyewapelekea chai na maandazi. Aliyeongea zaidi alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Chande, mwenye stoo kubwa kuliko zote. Aliongea polepole, kama mtu asiye na wasiwasi.

"Msimu uliopita tulijiumiza wenyewe," alisema Chande. "Huyu akipandisha, yule naye anapandisha kumzidi. Wakulima wakawa wanatuzungusha wanavyotaka. Safari hii tuwe na bei moja. Tuishushe, na asitokee wa kuizidi."

"Na yule mama wa Maore?" akauliza mmoja wao.

Dorkas alimfahamu mama huyo. Aliitwa Bi Shamsa, mfanyabiashara kutoka Maore, kule chini tambarare, aliyekodi chumba kidogo karibu na stendi. Alikuwa mgeni katika biashara ya tangawizi, na ili apate wateja alitoa bei nzuri kuliko wenzake.

"Shamsa hawezi kubeba magunia kichwani," Chande akajibu. "Wenye magari nimeshaongea nao. Atakayembebea mzigo wake, asahau mizigo yetu sisi."

Fanueli alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Chande alipomtazama, aliitikia kwa kichwa.

Wageni walipoondoka, Fanueli alimwita Dorkas.

"Bibi yako atapiga leo. Akikuuliza bei, mtajie hii tuliyokubaliana, na umwambie ni hiyo hiyo kila stoo. Akimuulizia Shamsa, mwambie ameacha kununua."

"Lakini Bi Shamsa ananunua, baba. Jana nimemwona anapima."

"Ataacha tu. Wewe unasema mapema kidogo." Akamwekea mkono begani. "Biashara ikienda vizuri, na wewe unasoma vizuri. Si jambo kubwa, mwanangu."

Simu iliita jioni. Dorkas alitaja bei ile. Upande wa pili Bibi alishangaa.

"Imeshuka hivyo? Na Shamsa wa Maore je? Alituahidi kununua, akatuomba tusiuze kabla ya kuongea naye."

"Ameacha kununua, Bibi."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Neno hilo la mwisho baba mdogo hakumtuma aliseme. Lilimtoka lenyewe, kwa sababu alitaka maswali yaishe.

"Basi," alisema Bibi kwa sauti iliyochoka. "Nitawaambia na wenzangu. Wameshachimba, na tangawizi ikishatoka ardhini haisubiri, kila siku inapungua uzito. Heri tuuze. Ahsante, mjukuu wangu. Bila wewe huku tungekuwa gizani."

Dorkas alirudisha simu mezani. Alikwenda kuosha vikombe, akaviosha, kisha akaviosha tena.

Wiki hiyo magari yalishuka kutoka Mamba yakiwa yamejaa. Magunia yalipangwa stoo mpaka yakakaribia paa. Dorkas alipokuwa akifagia aliona magunia yaliyoshonwa mdomo kwa vipande vya kitenge cha njano. Aliujua ushonaji ule. Ulikuwa wa Mama Koleta, jirani wa Bibi, na Koleta ndiye aliyekuwa rafiki yake tangu wakiwa wadogo. Dorkas alifagia haraka upande ule na hakutazama tena.

Siku chache baadaye alitumwa nyanya sokoni. Alizunguka njia ya mbali ili asipite karibu na stendi, lakini Bi Shamsa alikuwa kwenye genge la nyanya na yeye, amevaa ushungi wa kijani, kikapu mkononi.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mjukuu wa yule bibi wa Mamba? Hebu niambie, watu wa kwenu nimewakosea nini? Niliwaahidi nitanunua, nikakaa na mizani yangu, hakushuka hata mmoja. Na wenye magari nao, kila ninayempigia ana safari nyingine."

Dorkas alitazama nyanya. "Sijui, mama."

"Mungu anajua," alisema Bi Shamsa. "Nisalimie bibi yako. Mwambie bei yangu ni ile ile niliyomtajia."

Dorkas hakupeleka salamu hizo. Bibi alipopiga tena, alisema ana kazi nyingi ya shule, akampa simu mama mdogo. Kuanzia hapo kila simu ilipoita alijikuta amesimama mlangoni, tayari kutoka.

Mwezi uliofuata, gari la matangazo lilipita mitaani. Lilitangaza kuwa maofisa wa tume inayosimamia ushindani wa biashara wangekutana na wafanyabiashara na wakulima siku ya Alhamisi, wiki mbili baadaye, katika ukumbi wa mjini. Kabla ya siku hiyo ofisa mmoja, Bi Fadhila, alitembelea shule ya Dorkas. Alisimama mbele ya wanafunzi wa madarasa ya juu, akaanza kwa kuwauliza ni nani huwauzia maandazi getini.

Wanafunzi wakataja majina, wakicheka.

"Nani ana maandazi makubwa?" akauliza.

Wakabishana. Huyu makubwa lakini makavu, yule madogo lakini matamu.

"Mnaona?" alisema Bi Fadhila. "Kila mmoja anajitahidi mnunue kwake. Mmoja akipunguza ukubwa, mnahamia kwa mwingine. Huo ndio ushindani, na unawasaidia ninyi. Sasa tuseme wote wakae jikoni kwa mmoja wao, wakubaliane kwa siri kuwa maandazi yawe madogo na bei ipande, tena yeyote atakayekataa wamzuie asipate unga. Mtahamia wapi?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Nchi yetu ina sheria inayokataza mapatano ya namna hiyo. Inawahusu wauzaji wanaopandisha bei kwa siri, na inawahusu pia wanunuzi wanaokutana kushusha bei ya mazao ya mkulima. Mkulima anadhani hiyo ndiyo bei ya soko. Kumbe soko lenyewe halikuwepo, kulikuwa na watu wachache wanaokunywa chai."

Dorkas alihisi masikio yakimwaka moto. Alijua Bi Fadhila hakuwa na habari na sebule ya kwao, lakini ilikuwa kana kwamba alikuwemo. Wanafunzi walipoambiwa waulize maswali, mkono wake ulipanda kabla hajaamua kuunyoosha.

"Na mtu aliyetumwa tu? Aliyepeleka maneno?"

Bi Fadhila alimtazama kwa makini.

"Inategemea. Sheria inawatafuta wenye biashara waliokubaliana. Mtoto aliyetumwa na mkubwa hatutamshtaki. Lakini mtoto huyo anajua jambo ambalo waliodanganywa hawalijui. Akikaa kimya, wanaendelea kudanganyika." Kisha akawaambia wote, "Na mfanyabiashara anayekuja mwenyewe kutueleza ukweli, tunamsikiliza tofauti na yule tunayemkamata akificha."

Likizo fupi ilianza Jumamosi iliyofuata. Dorkas alipanda gari la Mamba akiwa na mfuko wa sukari na sabuni kutoka kwa baba mdogo. Kwa kawaida alipokaribia nyumbani alianza kutabasamu peke yake gari likikata kona. Safari hii aliomba moyoni gari liharibike.

Mama Koleta alimwona akishuka, akaja kumpokea mzigo.

"Mwanetu wa mjini amefika. Pole na safari. Wewe ulitusaidia sana, ujue. Tungeendelea kumngoja yule mama wa Maore mpaka tangawizi ikanyauka uani." Akaingia ndani, akatoka na mayai yaliyofungwa kwenye kitambaa. "Ukayale na bibi yako."

"Hapana, mama, msijisumbue."

"Chukua. Mtu akikutendea wema humwachi mikono mitupu."

Dorkas aliyapokea. Yalikuwa mepesi, lakini njia nzima aliyabeba kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Koleta alimsindikiza. Alikuwa mkubwa kidogo kwa Dorkas, na mwaka huo alikuwa ameanza kidato cha kwanza. Dorkas alimuuliza kuhusu hosteli, maana walikuwa wameizungumzia mwaka mzima: kitanda cha juu au cha chini, na nani atalala karibu na dirisha.

"Hosteli haikuwezekana," alisema Koleta. "Bei ilishuka, si unajua. Natembea. Naondoka alfajiri, nikirudi usiku umeingia. Mvua ikinyesha ule mteremko unateleza, nikifika shuleni nimejaa matope." Akainua mabega. "Mwakani labda."

Nyumbani Bibi alimkumbatia muda mrefu. Alimmiminia chai, na chai ikamwagika pembeni ya kikombe, juu ya meza. Bibi alipapasa kutafuta kitambaa.

"Jicho hili," alisema. "Lina mtoto wa jicho. Nilitaka nilipeleke hospitali baada ya kuuza, lakini nilichopata kimeishia kwenye mbolea. Lisubiri tu. Bado lile lingine linaona."

Dorkas alifuta meza. Hakuweza kuinua macho.

Siku ya pili mchana walikuwa jikoni, makande yakichemka. Bibi alichambua mahindi kwa vidole, akiyaleta karibu na jicho lake zima. Alikuwa akisimulia habari za kanisani. Katikati ya habari hizo Dorkas akasema:

"Bibi, Bi Shamsa hakuacha kununua."

Vidole vya Bibi vilisimama.

"Alikuwa ananunua siku zote, na kwa bei nzuri. Wanunuzi walikutana nyumbani wakakubaliana bei moja. Walimzuilia Bi Shamsa magari. Baba mdogo aliniambia nikwambie ameacha, nami nikakwambia."

Makande yaliendelea kuchemka. Bibi alizidi kuyatazama mahindi sahanini mpaka Dorkas akatamani apigwe.

"Nilikuuliza kama umeona mwenyewe," Bibi alisema mwishowe.

"Uliniuliza."

"Ukasema umeona."

"Ndiyo, Bibi. Hilo hakunituma mtu."

Bibi alisogeza sahani ya mahindi pembeni. "Nenda ukachote maji."

Ndoo zote zilikuwa na maji. Dorkas alichukua moja, akaimwagia migomba, akaenda bombani. Huko alilia mpaka mama mmoja aliyekuwa akifua akamuuliza kama ana msiba. Aliporudi, alimkuta Bibi amejifunga kitenge cha kutokea na amekaa kizingitini.

"Mimi umeniambia," alisema Bibi. "Lakini sikuuza peke yangu. Mimi ndiye niliyewapelekea wenzangu maneno yako, kwa hiyo na mimi nimewadanganya bila kujua. Twende kwa Mama Koleta."

Mama Koleta aliwakaribisha kwa furaha, akatoa viti. Dorkas hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, na aliposema neno "nimeona" sauti yake ilikatika, ikabidi alirudie. Koleta alikuwa mlangoni akisikiliza, sare yake ya shule ikining'inia kwenye kamba nyuma yake, ikiwa na matope hadi magotini.

Mama Koleta hakumtukana. Alisimama, akakunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi.

"Nimesikia," alisema, akaingia ndani. Koleta akamfuata mama yake, hakugeuka.

Njiani Dorkas aliuliza kwa sauti ndogo kama watamsamehe.

"Hilo ni lao," alijibu Bibi. "Lako lilikuwa kusema. Jumatano tunashuka Same."

Fanueli alishangaa kumwona mama yake stoo. Alimletea kiti, akamwagizia soda, akaanza kuuliza habari za mashamba. Bibi alishika chupa ya soda bila kuinywa.

"Fanueli, kwa nini ulimtuma mtoto?"

Alimtazama mama yake, kisha akamtazama Dorkas. Uso wake ulibadilika.

"Wewe ndiye uliyesema?"

"Ni mimi, baba."

"Alisema mwenyewe," alisema Bibi, "wala sikumbana. Nijibu mimi."

Fanueli alikaa juu ya gunia. "Mama, huijui biashara hii. Chande ameshika magari yote, na pikapu yangu peke yake haitoshi. Ningekataa, ningefungiwa kama yule mama wa Maore. Na wewe sijakutupa. Sukari naleta, mafuta naleta, ile sweta uliyovaa si mimi niliyeinunua?"

"Uliniletea sukari kwa pesa ya tangawizi yangu," alisema Bibi.

Fanueli aligeuza uso mlangoni. Nje mtu alikuwa akipima mzigo, na vyuma vya mizani vilisikika vikigongana.

"Kesho kuna mkutano," Bibi aliendelea. "Nitakwenda. Wakiuliza kama kuna mkulima mwenye la kusema, mimi ninalo. Sitapenda kukutaja mwanangu mbele ya watu. Ningependa nikisimama wewe uwe umeshasema."

"Watanitoza faini, mama. Na wenzangu hawatanisemesha tena."

"Huenda. Koleta wa jirani anatembea gizani kwenda shule. Naye hakupenda."

Fanueli alitoka, na chakula cha jioni hakukila. Dorkas alilala na hatia mpya juu ya ile ya zamani, maana sasa alikuwa amemuumiza na aliyekuwa akimsomesha. Alijiuliza kama ukweli unatakiwa kuuma hivyo. Lakini jambo moja lilikuwa tofauti: kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, hakuwa na uongo wa kuulinda.

Asubuhi Fanueli alivaa shati lake la kanisani. Alimkuta Dorkas na ufagio uwanjani, akasimama.

"Nilipokutuma nilijua ninachofanya," alisema. "Nilikuchagua wewe kwa sababu mama anakuamini. Hilo lilikuwa baya kuliko hata ile bei." Hakungoja jibu. Alitembea kuelekea ofisi ya wilaya, walikokuwa maofisa wa tume, akaongea na Bi Fadhila kabla mkutano haujaanza.

Ukumbi ulijaa, na Bibi alikaa kati ya wakulima. Bi Fadhila alieleza sheria kama alivyoieleza shuleni, ila sasa hakuna aliyecheka. Chande aliuliza kwa upole wake wa kila siku kama ni kosa wafanyabiashara kunywa chai pamoja.

"Kunywa chai si kosa, mzee wangu," alijibu Bi Fadhila. "Kosa ni kukubaliana bei ya jasho la mtu ambaye hamkumkaribisha kwenye hiyo chai. Tena tumeshapata taarifa, na tutafanya uchunguzi."

Chande akageuza shingo taratibu, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Fanueli hakukwepa macho yake.

Uchunguzi ulichukua miezi. Wanunuzi waliitwa na kuhojiwa, wenye magari nao wakahojiwa. Mwishowe waliokubaliana walitozwa faini na kuamriwa waache mapatano yao, na magari yakawa huru kubeba mzigo wa mtu yeyote. Faini ya Fanueli ilipunguzwa kwa kuwa alijitokeza mwenyewe, hata hivyo ilimlazimu kuuza pikapu yake. Kwa wiki nyingi hakuwa mwepesi wa maneno nyumbani, na Dorkas aliyapokea hayo bila kununa. Wenzake kadhaa waliacha kumsalimia sokoni. Hata hivyo, kabla ya Krismasi alipanda Mamba mwenyewe, akamchukua mama yake na kumpeleka hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho.

Msimu mpya ulipofika, Dorkas alikuwa Mamba kwa likizo. Wanunuzi walipandisha mizani zao hadi kitongojini, kwenye uwanja ulio chini ya kanisa. Bi Shamsa alikuwepo, Fanueli alikuwepo na gari la kukodi, na kijana mmoja wa Gonja ambaye hakuna aliyemjua mwaka uliopita. Bei zao hazikufanana. Wakulima walitoka kwenye mizani hii wakaenda kwenye ile, wakauliza, wakarudi, wakabishana, wakaondoka kana kwamba hawataki, wakaitwa tena. Hata Fanueli aliongeza kidogo bei yake, akanung'unika, akaongeza tena.

Mama Koleta alipita kwa Fanueli, akamsalimia kwa adabu, akaenda kumuuzia Bi Shamsa. Fanueli alimwangalia akipita, kisha akamsaidia kushusha gunia lake la mwisho kwenye mizani ya mwenzake.

Dorkas alikuwa amesimama pembeni, hajui ajiunge na nani. Tangu siku ile Koleta alikuwa akiitikia salamu zake, basi. Mama Koleta alipomaliza kupokea malipo yake alimwona, akamtazama kwa muda.

"Koleta anachambua mzigo mwingine kule nyuma ya nyumba," alisema. "Peke yake hatamaliza. Nenda mkasaidiane."

Dorkas alitaka kusema ahsante, lakini Mama Koleta alikuwa ameshageuka kuongea na mtu mwingine. Bibi, aliyekuwa karibu, kitambaa cheupe cha kufutia jicho kikiwa bado kimening'inia shingoni, alimshika mkono kabla hajaondoka.

"Ngoja kwanza, nikwambie jambo moja, halafu uende," alisema. "Wale watu waliokaa sebuleni kwenu walikuwa na pesa, na magari, na stoo. Lakini maneno yao yasingefika huku. Wangekuja wenyewe, tungewauliza maswali mpaka wachoke. Walihitaji mdomo tunaouamini, wakapata wako. Sheria imewashughulikia wao, nami nashukuru. Lakini sheria haiwezi kukaa kwenye kila simu. Kwa hiyo siku nyingine mtu akikutuma useme kitu, hata awe mkubwa, hata awe anakulisha, jiulize kwanza: kwa nini hakisemi mwenyewe?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Na usipokuwa umeona, sema hujaona. Hakuna atakayekucheka."

Akamwachia mkono. Dorkas alipanda njia ya nyuma ya nyumba ya Mama Koleta. Koleta alikuwa amechuchumaa mbele ya rundo la tangawizi yenye udongo mbichi. Alipomwona alisogea upande mmoja wa turubai, nafasi ikapatikana, na Dorkas akachuchumaa hapo na kuanza kazi.